Nani Amemuuliza Zoraida?

Masaya, 9 Februari 1997
Kutoka palipokuwa sinema, nyumba tatu kuelekea ziwani

Kaka Leoncio,

Huku sote tunapumua. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio, kuku wanataga, na nguruwe wa jirani ameingia tena bustanini akafukua mihogo. Nilimwambia mwenye nguruwe kwamba safari ijayo atamkuta mnyama wake ndani ya nacatamal, amefungwa kwenye unga wa mahindi na majani ya mgomba. Akanijibu, "Basi usisahau kunialika, doña Tila." Watu wa mtaa huu hawana haya. Mwanangu Róger yuko Kosta Rika bado, anajenga nyumba za watu wengine. Na wewe, hiyo baridi ya Montreal imekuachia masikio? Unarudi lini? Nauliza kwa sababu na mimi naulizwa.

Kuna jambo dogo. Limekwisha, lakini wewe ndiye mkubwa wetu, lazima ulijue. Jumapili iliyopita alikuja doña Pastora, mama yake Evenor Ñurinda, yule kiziwi mwoka mikate wa karibu na makaburi. Alikuja kamili: mshenga mbele, kapu la mikate, kakao, na chupa imefungwa utepe. Nikadhani wamekosea nyumba. Kumbe wamekuja kumposa Zoraida! Mdogo wetu, mwenye miaka thelathini na tisa, ambaye tangu azaliwe hajasikia hata radi. Inaonekana huyo Evenor na yeye wamejuana kwenye chama cha viziwi kule Managua, anakokwenda kila Jumamosi. Mimi nilidhani anakwenda kufuma.

Nilimfasiria kwa mikono yetu ya nyumbani, mbele ya wageni, kama inavyopasa. Akatikisa kichwa. Hataki. Mikate tumeipokea ili tusiwavunjie heshima, chupa wamerudi nayo, na yameisha.

Mahindi yanachemka, naacha hapa.

Dada yako Domitila

*

Montreal, 16 Machi 1997

Tila mdogo wangu,

Barua yako imefika na harufu ya kahawa, au ni pua ya mzee inayojihadaa. Mimi ni mzima. Juzi niliteleza kwenye barafu mbele ya duka la dawa, na ukitaka kuteleza, hakuna mahali pazuri zaidi. Kwenye maktaba wamenizoea sasa. Yule binti wa mapokezi huniwekea kiti karibu na bomba la joto na kuniita "mzee wa dirishani". Swali lako la kurudi nimeliona. Karatasi hii ni fupi.

Kuhusu posa: niliposoma mara ya kwanza nilisema moyoni, Tila amefanya vyema. Nilimkumbuka Zoraida siku ile ya jibini. Bila shaka hujasahau. Mama aliitoa ile jibini, cuajada yetu, kwenye chungu akaipandisha juu ya kabati, Zoraida akiona, wewe ukiwa kisimani. Uliporudi ulikwenda moja kwa moja kwenye chungu, na Zoraida akakushangaa kama aliyemwona mtu anatafuta kofia aliyoivaa. Kwake yeye, alichokiona yeye kila mtu alikuwa amekiona. Ndiyo maana hakuwahi kutudanganya hata mara moja, wala kutunza siri. "Mkweli kama Zoraida," mama alikuwa akisema. Mtu wa namna hiyo, nikajiambia, mume yeyote atamzungusha.

Niliposoma mara ya pili nikakwama. Mikono ya nyumbani tuliitunga sisi watoto, na mimi naikumbuka yote. Ndevu kidevuni ni baba. Miwani ni mimi. Kugonga kiwiko ni wewe, kwa uchoyo wako wa peremende, na usinune, ilipita kwa kura. Kula, njoo, kesho, mvua, ngumi, amekwenda. Nimekaa kitandani nikipekua kichwa changu, na sikupata ishara ya "kuolewa". Sikupata ya "unapenda". Hata ya "unafikiri nini" hatukuwa nayo, maana hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Basi niambie kwa ajili ya udadisi wa mzee tu: ulimuuliza kwa mikono gani?

Kutoka dirishani,
Leoncio

*

Masaya, 27 Aprili 1997

Kaka Leoncio,

Kiwiko hicho unacho hadi leo! Zile peremende nilipewa na mama wa ubatizo, zilikuwa zangu.

Wiki Takatifu imepita salama. Nilipika matunda ya sukari, maembe na mapapai, yakanishinda utamu, nikagawa mtaa mzima, na mwenye nguruwe akarudi mara mbili na bakuli. Paka amezaa ndani ya kiatu chako cha zamani, kile ulichokiacha chini ya kitanda. Sikukitupa, usiniulize kwa nini.

Umenitia wasiwasi na maswali yako, nikaamua kwenda Managua mwenyewe nikaone hicho chama. Kaka, nimeona kituko. Ni ukumbi wa watu wasiosikia, na sijawahi kuingia mahali penye makelele kama yale! Makelele ya mikono. Wanabishana, wanachekana, wanakatizana, mmoja anampiga mwenzake bega, "Nitazame mimi, nimeanza mimi!" Na kule mambo yote yamepinduliwa. Wenye mvi ndio wanafunzi. Mama mmoja mwenye masikio, aliyekuja kumsindikiza mwanawe, alinieleza: miaka kama ishirini iliyopita watoto walikusanywa shuleni, kila mmoja na ishara za kwao, zingine hazifanani kabisa. Wakazichanganya uani na ndani ya basi. Wadogo waliofuata wakazipokea zikiwa vipande, wakazishona zikawa nguo. Hakuna mwalimu aliyewafundisha. Sasa kadiri mtu alivyo mdogo ndivyo anavyosema vizuri, na wakubwa wanakwenda kwao kusahihishwa.

Nilimwona binti mmoja, Heysel, ana miaka kumi na saba, mwenye masikio lakini aliyekulia humo na ndugu zake viziwi, akimkaripia bwana mzima mwenye kitambi. Yule bwana alikuwa anasimulia habari ya mwizi na polisi. Yule mama akanitafsiria: "Mjomba, mwizi umemweka mkono wa kushoto, akae kushoto! Sasa polisi naye umemweka kushoto. Nani anamkimbiza nani?" Bwana akakuna kichwa akaanza upya. Zoraida wetu alikuwa pembeni yake, akicheka hadi machozi. Sijui alicheka nini. Nilicheka pia, ili nisionekane mgeni.

Lakini kucheka si kuolewa. Na ya jibini umeyasema wewe, si mimi. Mwoka mikate anaamka alfajiri, anashinda na wanunuzi, wanawake wa kila namna. Atamzungusha kama pia. Halafu viziwi wawili nyumba moja, mwizi akija nani atasikia?

Hapa nani atasaga mahindi?

Domitila

*

Montreal, 8 Juni 1997

Tila mpendwa,

Theluji imekwisha na watu wa hapa wamechanganyikiwa, wanatembea wamevaa kaptura kana kwamba wamealikwa na jua binafsi. Nimenunua kofia. Daktari amenisikiliza kifua na kusema "hm", neno ambalo katika lugha zote lina maana ileile, kwa hiyo sikuomba tafsiri. Usijali.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, peke yangu, kama mpumbavu. Unajua nimeishi miaka mingi kati ya vitabu nikiamini lugha ni kitu tunachopewa na wazazi, kama viatu. Sasa hao watoto wa Managua hawakupewa. Walikuwa nayo ndani, na ikatoka yenyewe. Lakini angalia jambo hili, kwa kuwa limeninyima usingizi wa mchana: Zoraida naye alizaliwa nayo ndani. Kwa nini kwake haikutoka?

Nadhani ni kama chachu. Mwulize huyo mwoka mikate wako, naye atakueleza kwamba chachu ipo hata hewani, hainunuliwi. Ila kijiko kimoja cha unga ukikiacha mezani kinakauka tu. Unataka unga mwingi, uliolowa, wenye joto, unaogusana. Zoraida alikuwa kijiko kimoja katika nyumba ya watu waliokuwa na midomo yao. Tulimpa ishara za kuitwa na kutumwa. Hatukumpa hata mtu mmoja wa kubishana naye. Na mimi sasa nashuku kwamba ile siku ya jibini hakukosa akili. Mtu anajuaje kwamba kichwa cha mwenzake ni chumba kingine, chenye vitu vingine, ikiwa hajawahi kugonga mlango akasikia "Nani?"

Na hilo la vijana kuwa walimu wa wazee, usilione kituko. Kila mahali mwenye maneno ndiye mwenye kiti. Kwetu wenye maneno walikuwa wazee, tukadhani ni mvi zinazotawala. Nyumbani mwetu mwenye maneno ya Zoraida alikuwa wewe. Majirani walikusalimu wewe kwa niaba yake, muuzaji alikuuliza wewe kama viatu vinambana. Sisemi kwa ubaya. Ulimlea, mimi nikaondoka.

Lakini hujanijibu. Ulimuuliza kwa mikono gani? Niandikie ishara moja moja, kama zilivyofuatana.

Leoncio

*

Masaya, 30 Agosti 1997

Kaka,

Barua yako imechukua karibu miezi mitatu na si kosa la Kanada. Tumeletewa tarishi mpya, kijana wa Matagalpa. Umeandika "kutoka palipokuwa sinema", naye anazunguka mtaani akiuliza, "Sinema iko wapi?" Watu wanamwambia, "Iliungua." "Basi nitaanzia wapi?" "Pale ilipoungua." Alizirudisha barua zote posta kwa hasira. Ilibidi tumfanyie kikao, tukamwonyesha kiwanja kwa kuchongoa midomo badala ya kidole, hivi, kama kawaida yetu, naye akadhani tunambusu.

Kuku watatu wamekufa kwa mdondo. Róger amevunja kidole. Goti ni lilelile.

Sasa sikiliza uchafu. Zoraida amedanganya. Ndiyo, Zoraida! Jumamosi ya wiki mbili zilizopita alirudi jua limezama. Nikamuuliza kwa mikono, vipi? Akanionyesha: basi, moshi, puu, limekufa njiani, watu wote chini, tumesukuma. Aliigiza hadi uso wa dereva ulivyokunjamana. Nikamhurumia, nikampa supu, nikamkanda mabega. Jumatatu nakutana na doña Pastora sokoni, ananiambia kwa sauti ya asali, "Aa, doña Tila, mdogo wako ana mkono mwepesi wa kukanda unga! Juzi alitusaidia mpaka jioni." Nilitaka ardhi inimeze na kapu langu. Nimemkanda mabega kwa kusukuma basi ambalo halikuharibika!

Nilimkabili. Akaniangalia, akaona nimeshajua, akacheka. Alicheka, kaka! Halafu akanipiga busu la paji la uso akaenda kulala. Mama angesema nini? Haya ndiyo wanayomfundisha kule. Nimekusudia kumwachisha chama.

Andika haraka, wewe anakuheshimu. Kila nikimwonyesha bahasha yako hufanya ishara ya miwani na kuishika kifuani.

Domitila

(Swali lako nimeliona. Niliwaonyesha kidole wageni. Nikafanya ishara ya mwanamume, nyumba, amekwenda. Kisha nikamwuliza kwa uso. Hivyo tu. Ungefanya nini wewe?)

*

Montreal, 28 Septemba 1997

Tila, Tila,

Niache nianze na habari: majani yamegeuka rangi, nyumba yangu ina panya mmoja mwenye adabu, na leo asubuhi nilimwambia binti wa maktaba, "Dada yangu mdogo amedanganya!" Akanipa pole. Nikamwambia, hapana, nipe hongera. Akavuta kiti akataka kisa chote.

Usimwachishe chama hata kwa dakika. Fikiri vizuri. Ili kukudanganya habari ya basi, Zoraida alitakiwa ajue kwamba yeye alikuwa kwa mwoka mikate na wewe hukujua. Kwamba ndani ya kichwa chako kuna picha nyingine, na kwamba anaweza kuichora yeye mwenyewe, na moshi wake na dereva wake. Halafu akajua utamhurumia. Halafu akaona uso wako Jumatatu akajua umeshajua! Huyo si yule wa jibini. Amefika mahali ambapo sisi tulifika tukiwa na miaka minne, na tulipofika sisi mama alitucharaza viboko badala ya kupiga ngoma.

Kwa hiyo hoja yangu na yako imekufa. Tulisema mume atamzungusha kwa sababu hajui vichwa vya watu. Anavijua. Chako amekizungusha vizuri sana.

Sasa hayo ya mabano. Uliandika kwa herufi ndogo lakini miwani yangu ni mipya. Mwanamume, nyumba, amekwenda. Tila, ishara ile ya "amekwenda" tuliitumia mara ngapi nyumbani? Tuliitumia baba alipokufa. Tuliitumia mama alipokufa. Mimi nilipopanda ndege, uliniambia mwenyewe, uliitumia kwa wiki nzima kila alipoweka sahani yangu mezani. Hukumuuliza kama anataka mume. Sikulaumu, ndiyo mikono tuliyokuwa nayo. Lakini sasa kuna mikono mingine, na kuna Heysel.

Mimi kama mkubwa siipi posa ruhusa wala siikatai. Hiyo ndiyo barua yangu yenye mamlaka, ibandike ukutani. Muite doña Pastora, muite Heysel, na aulizwe mwenye kuulizwa.

Na wewe mwenyewe unaogopa nini? Si mwizi.

Leoncio

*

Masaya, 14 Desemba 1997

Kaka Leoncio,

Nimekaa kimya muda mrefu, najua. Niliandika mbili nikazichana. Kuku wapya wameanza kutaga. Sherehe za Bikira zilikuwa na fataki nyingi mwaka huu, tuliimba kila nyumba, nimerudi na miwa na ndimu kama mzigo wa punda. Heysel alikuja kulala kwetu siku hiyo, na kesho yake nikamwita doña Pastora.

Walikuja kamili tena, na mikate mipya. Evenor alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likawa kama ubao. Ni mwembamba kuliko nilivyodhani, na ana aibu, anaficha mikono mifukoni kama watu wengine wanavyofumba mdomo. Mshenga akaanza hotuba yake ileile, ya ua na bustani. Heysel akawa anaifasiri kwa mikono, na alipofika kwenye ua akamwambia mshenga, "Bwana, fupisha, tumeshaelewa ni ua." Doña Pastora akakohoa. Mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Desturi ni desturi, ninayepaswa kujibu ni mimi. Nikasema, "Muulizeni mwenyewe."

Heysel akamuuliza. Kaka, nilitazama swali likipita hewani na sikuokota hata kipande. Zoraida alinitazama mimi kwanza. Halafu mikono yake ikaanza, na haikuwa mikono ninayoijua. Ilikwenda haraka, ikaweka kitu kushoto na kitu kulia, ikanionyesha mimi, ikarudi kifuani kwake, ikagusa paji la uso mara nyingi. Evenor aliangua kicheko kisha akainamisha kichwa. Doña Pastora akauliza, "Anasema nini? Anasema nini?"

Heysel akasema: "Anasema ndiyo, anamtaka. Anamtaka tangu mwaka jana. Anasema Februari dada yake hakumwuliza habari ya mume, alimwuliza kama anataka kuwa amekwenda. Akajibu kweli, hataki kuwa amekwenda. Njiani kwenda chamani wiki iliyofuata Evenor akamweleza ile ilikuwa posa."

Nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya ajabu, "Kwa nini hakuniambia kwamba amejua?"

Heysel akamuuliza. Zoraida akajibu polepole sasa, kama mtu anayemwandikia mtoto ubaoni. Heysel akasema: "Anasema alijua wewe hujui kwamba yeye anajua. Akaona akikuambia utaona aibu, na ukiona aibu utakasirika, na ukikasirika utasema hapana mara ya pili. Akaamua kusubiri ufike mwenyewe. Anasema umechelewa sana." Hapo watu wote wakacheka. Mimi pia.

"Na anasema," Heysel akaendelea, "wewe unadhani hajui unaogopa kubaki peke yako. Anajua. Ndiyo maana yeye na Evenor wametafuta vyumba viwili mtaa huuhuu. Wamevipata tangu Oktoba. Anauliza kama una hasira."

Nilitaka kumjibu, kaka. Nilinyanyua mikono yangu, hii iliyomsemea tangu mama alipokufa, na haikuwa na kitu. Kula, njoo, kesho, mvua. Nilikaa nimeishika hewani kama mwizi. Ikabidi nimgeukie binti wa miaka kumi na saba nimwambie, "Tafadhali, mwanangu, nisemee."

Harusi ni tarehe kumi na nane Januari. Jumamosi hii nakwenda Managua na Zoraida. Nimeambiwa nitakaa safu ya mbele, na wanaoanza.

Domitila